Mashine za Kuvunia Zilizokokotwa na Farasi, na Habari ya Mkonge Wetu

Mtu atokaye Tanga kwenda Pangani kwa njia ya pwani hupita Tongoni, penye magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, kisha hushika njia ya Kigombe na kwenda kusini hata afike mtoni. Katika safari hiyo hawezi kukosa kuona mkonge uliopandwa kwa mistari iliyonyoka kama saflua ya askari. Ukimwuliza mtoto wa shule mkonge ni wa nini, atakujibu mara moja kwamba ni wa kufanyia kamba. Jibu hilo ni kweli, lakini halijatimia. Ni kamba za kazi gani, na ni nani aliyezitaka nyingi namna hiyo, hata ardhi ya watu ikageuzwa mashamba ya mmea usioliwa na mtu wala ng'ombe? Sisi watu wa pwani hatukukosa kamba. Tulikuwa na kamba za makumbi, na za ukindu, na za ule mkonge wa mwituni ambao wazee walitwaa nyuzi zake zamani, kabla mgeni huyu hajaja akalirithi jina lake.

Jibu lililo kamili liko mbali, katika mashamba ya ngano ya Marekani, tena limo ndani ya kitu kidogo sana, yaani fundo. Fundo hilo lilifungwa na mashine iliyokokotwa na farasi. Makusudi ya maneno haya ni kueleza jinsi mashine hizo zilivyokuwa, jinsi zilivyotengenezwa vizuri zaidi kidogo kidogo, na jinsi tengenezo moja kati ya hayo lilivyofika mpaka Pangani na Tanga.

Kwanza yafaa tuseme habari ya farasi mwenyewe, maana wengi wetu twamjua kwa hadithi kuliko kwa macho. Farasi hana maisha marefu katika nchi ya Mrima. Ndorobo, ambaye wengine humwita mbung'o, akimwuma humwambukiza ugonjwa wa nagana, akakonda na kufa. Na pale ambapo hapana ndorobo, usubi humletea maradhi mengine ya farasi yauayo kwa siku chache. Kwa hiyo mashine hizi hazikupata kuja kukata mpunga wa Tongoni. Mpunga ulikatwa kwa kisu kidogo, suke kwa suke, na mtama vivyo hivyo, na mavuno yalibebwa kichwani. Hata katika nchi za juu za Kenya, penye baridi, kama kule Njoro ambako Lord Delamere alilima ngano mwanzoni mwa karne ya 20, wanyama wa kukokota walikuwa zaidi maksai kuliko farasi.

Ngano si kama mpunga wetu ambao mtu aweza kuukata leo hapa na kesho pale. Ngano ya shamba zima huiva pamoja, na ikiisha kuiva haingoji. Zikipita siku kama kumi, mvua ikinyesha au upepo ukivuma, mabua hulala chini na punje hupukutika. Na mtu hodari mwenye mundu hakuweza kukata zaidi ya nusu eka hivi kwa siku moja. Basi mkulima wa Marekani, mwenye nchi pana na watu haba, alikuwa na shida hii: aliweza kulima na kupanda zaidi kuliko alivyoweza kuvuna. Kipimo cha shamba lake hakikuwa ardhi wala mbegu. Kilikuwa idadi ya miundu aliyoweza kuipata katika siku zile kumi.

Watu wengi walijaribu kuondoa shida hiyo. Katika nchi ya Uskoti alikuwako kijana mmoja, Patrick Bell, aliyekuwa akisomea ukasisi, na mwaka 1828 mashine yake ilikata nafaka shambani. Ilikuwa kama mikasi mingi iliyopangwa mstari mmoja, nao farasi hawakuivuta bali waliisukuma kwa nyuma, kusudi wasikanyage nafaka iliyo mbele. Huko Marekani, katika nchi ya Virginia, Cyrus McCormick alijaribu mashine yake mwaka 1831. Baba yake alikuwa amehangaika na kazi hiyo hiyo kwa miaka mingi asifanikiwe. Na katika karakana ile alikuwako mtu mweusi, jina lake Jo Anderson, aliyekuwa mtumwa wa jamaa ya McCormick, naye alishiriki kazi ya kuitengeneza. Jina la bwana limeandikwa juu ya maelfu ya mashine; jina la Anderson lilikaa miaka mingi bila kutajwa, nasi twalitaja hapa kwa kuwa ni haki yake. Mtu wa tatu alikuwa Obed Hussey, aliyepata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake mwaka 1833, mwaka mmoja kabla ya McCormick. Watu hawa wawili walishindana kwa mashine na kwa mashtaka muda mrefu.

Sasa tutazame mashine ilivyofanya kazi, maana watu husema "mashine ya farasi" kana kwamba farasi ndiye akataye. Farasi hajui kukata. Ajua kuvuta tu. Anapoivuta mashine, gurudumu lake kubwa la chuma hubiringika juu ya ardhi, na huko kubiringika ndiko kunakotoa nguvu yote. Gurudumu hilo limeunganishwa na magurudumu madogo yenye meno, na meno hayo hufanya mambo mawili: huongeza mbio, na hugeuza mzunguko uelekee upande mwingine. Mwisho wake lipo gurudumu dogo liendalo kasi sana, nalo limefungwa fimbo kando ya kitovu chake. Kwa kuwa fimbo haikufungwa katikati, kila gurudumu lizungukapo fimbo huenda mbele na kurudi nyuma, kama mguu wa fundi juu ya cherehani, ila kwa kinyume: kwa fundi, mguu huenda na kurudi ili gurudumu lizunguke, hapa gurudumu huzunguka ili fimbo iende na kurudi. Fimbo hiyo husukuma na kuvuta ufito mrefu wa chuma uliopigiliwa visu vya pembe tatu, vilivyopangwa kama meno ya papa. Ufito huo hukaa karibu na ardhi, ubavuni mwa mashine, mahali ambapo farasi hawapiti.

Lakini kisu peke yake hakikati bua lililosimama. Mwalimu akitaka, na awaonyeshe wanafunzi wake jambo hili nje ya shule. Na ashike kisu kikali, akisukume polepole juu ya jani moja refu lililosimama: jani litainama, wala halitakatika. Kisha mtoto mmoja alishike jani hilo katikati ya vijiti viwili, na mwalimu apitishe kisu karibu na vijiti: litakatika mara moja. Ndiyo sababu mbele ya ufito wa visu viliwekwa vidole vya chuma vilivyoelekea mbele. Bua huingia kati ya vidole viwili, kisu hupita ndani ya tundu la kidole, na bua halina mahali pa kukimbilia. Visu na vidole pamoja ni mikasi mingi ikatayo kwa wakati mmoja. Juu yake McCormick aliweka mbao nyembamba zizungukazo kama mabawa, ili ziinamishe masuke kuja kwenye kisu na kuyalaza juu ya jukwaa lililo nyuma. Mashine hiyo, kwa farasi wawili na watu wachache, ilikata kama eka kumi kwa siku.

Mafundi wetu wajua kwamba chombo kipya hakikosi kasoro, na kasoro za hiki zilionekana upesi. Ya kwanza ilikuwa kukwama. Vipande vya majani mabichi viliingia ndani ya tundu la kidole, vikajisokota, na kisu kikazibwa kisiende. Hussey alipasua kidole upande wa juu, ili takataka zipate njia ya kutokea, na mwaka 1847 akaandikiwa hati ya tengenezo hilo. Ni jambo dogo, ufa tu juu ya chuma, lakini pasipo ufa huo dereva angeshuka kila baada ya hatua mia kuzibua mashine kwa vidole vyake mwenyewe, tena mbele ya kisu na nyuma ya farasi. Wako waliopotewa na vidole kwa namna hiyo.

Kasoro ya pili ilikuwa ya mashine za kukatia majani ya kulishia wanyama, ambazo ni ndugu wa hizi za nafaka. Majani yapasa kukatwa chini kabisa, na ardhi haiko sawa mahali pote. Ufito uliokazwa pamoja na mwili wa mashine ulichimba udongo mahali penye mwinuko, na ulipita juu kwa juu mahali penye bonde. Katika miaka ya 1850 mafundi wa Marekani waliufunga kwa bawaba, kama mlango, juu ya mashine ya magurudumu mawili. Tangu hapo ufito uliweza kuinuka na kushuka wenyewe kwa kufuata ardhi, na dereva aliweza kuukunja na kuusimamisha wima apitapo langoni au penye kisiki.

Tena kulikuwa na taabu ya farasi wenyewe. Kwa kuwa kisu kilikuwa upande mmoja, mashine ilitaka kugeuka upande huo daima, na mti wa kati ya farasi ukawapiga mabega na kuwachubua shingo. Hili lilipunguzwa kwa kuwawekea magurudumu madogo mbele, yabebe mti ule badala ya shingo zao. Magurudumu yenye meno nayo yalikuwa wazi, yakila vumbi mchana kutwa. Kukaa kwao wazi kulidumu miaka mingi, hata katika mashine za karne ya 20 yakafungiwa ndani ya kasha lenye mafuta, na mzigo wa kuvuta ukawa mwepesi zaidi. Lakini iko kasoro moja isiyoondoka maadamu nguvu yatoka gurudumuni: farasi wakipunguza mwendo, kisu nacho hupunguza, na hapo ndipo majani yazidipo kukwama. Ardhi ikiwa ya tope, gurudumu huteleza bila kuzunguka, na kisu husimama kabisa.

Mwaka 1851 mashine ya McCormick ilipelekwa London kwenye maonyesho makubwa ya mataifa. Gazeti moja kubwa la mjini liliifanyia mzaha kwa sura yake. Kisha ikajaribiwa shambani, siku ya mvua, katika ngano mbichi yenye maji, nayo ikakata. Mzaha ukakoma.

Hata hivyo kukata si kuvuna. Nafaka ikiisha kukatwa yapasa kukusanywa, kufungwa miganda, na miganda kusimamishwa ikauke. Nyuma ya kila mashine walikwenda watu watano au sita wakiinama kutwa, kila mmoja akitwaa mabua machache, akiyapindapinda yawe kamba, na kufunga mganda. Mashine ilikuwa imemwondolea mkulima wenye miundu, lakini ikamwongezea haja ya wafungaji, na mwendo wa mashine sasa ukafuata mwendo wa mikono yao. Mwaka 1858 ndugu wawili wa jina la Marsh, wa nchi ya Illinois, walifanya mashine yenye turubai lizungukalo, lililopandisha nafaka mpaka kwenye meza juu ya mashine yenyewe. Wafungaji wawili wakasimama pale, wakifunga huku wakichukuliwa, pasipo kuinama tena. Jambo lililobaki lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa gumu kuliko yote yaliyotangulia, yaani kuifundisha mashine kufunga.

Katika miaka ya 1870 zilitokea mashine zilizofunga kwa waya. Waya ni rahisi, kwa sababu haina haja ya fundo. Ukisokota ncha mbili zimeshikana. Lakini vipande vya waya vilibaki ndani ya mabua, ng'ombe wakavila wakafa, na vingine vikaingia katika vinu vya kusagia unga. Wakulima walitaka uzi. Nao uzi, kama ajuavyo kila mvuvi wa Tongoni atengenezaye nyavu zake chini ya mnazi, haukubali kusokotwa tu. Wataka fundo la kweli, na fundo huhitaji vidole.

Aliyefumbua jambo hilo ni John Appleby wa Wisconsin. Alianza kulifikiri mwaka 1858, akiwa kijana wa miaka 18, akaenda vitani katika vita ya Wamarekani wao kwa wao, na mashine yake ikafanya kazi vizuri mwaka 1878. Nitajaribu kuieleza, na mwenye uzi mkononi na afuatishe. Ncha ya uzi hushikwa na kisahani kidogo chenye meno. Mganda ukiisha kujaa kiasi chake, sindano kubwa iliyopindika kama mwezi mchanga hutoka chini, huuzungusha uzi nyuma ya mganda, na kuuleta mpaka kwenye kisahani kile kile, hata nyuzi mbili zikalala pamoja juu ya kidude cha chuma chenye umbo la mdomo wa ndege. Mdomo huo huzunguka mara moja tu. Kwa kuzunguka hujivisha nyuzi zote mbili kama kitanzi shingoni. Kabla mzunguko haujaisha, mdomo hufunuka, huzidaka nyuzi zile mbili, na kufumba. Hapo kisu kidogo huzikata kati ya mdomo na kisahani, na mikono ya mashine husukuma mganda nje. Mganda unapoanguka huvuta uzi, kitanzi huvuka juu ya mdomo uliofumba, na ncha zilizodakwa hupita ndani ya kitanzi. Fundo limefungwa. Mambo hayo yote hutimia kwa kitambo cha kupepesa macho mara moja au mbili, huku farasi wakiendelea na mwendo wao, na kisahani kimekwisha kushika ncha mpya kwa ajili ya mganda unaofuata.

William Deering alinunua ruhusa ya kuifanya mashine hiyo, na mwaka 1880 akauza zaidi ya 3,000. McCormick alimfuata mwaka uliofuata. Mwaka 1902 makampuni yao yaliungana na mengine yakawa moja, International Harvester, na mashine za kufunga miganda zilikwisha kuenea katika mashamba ya Marekani na ya Ulaya.

Hapa ndipo hadithi ya farasi inapogeuka kuwa hadithi yetu. Vidole vya mtu husikia: uzi ukiwa mnene mahali fulani, mtu hulegeza, ukiwa mwembamba, huvuta kwa hadhari. Mdomo wa chuma hausikii kitu. Uzi wenye uvimbe hunasa ndani ya sindano, na uzi mwembamba hukatika, na mashine nzima husimama katikati ya mavuno. Basi ilihitajika kamba nyembamba, yenye unene mmoja tangu mwanzo hata mwisho, yenye nguvu, isiyonyumbuka sana, isiyo ghali, na ambayo ng'ombe akila kipande chake hadhuriki. Kipimo kilichozoewa cha uzi huo wa mkonge kilikuwa futi 500 kwa ratli moja. Eka moja ya ngano ilitumia kama ratli mbili au tatu, na uzi huo ukikatwa wakati wa kupura haukutumika tena. Kila mwaka ulitakiwa mwingine.

Kwanza nyuzi zilitoka Manila, katika visiwa vya Filipino, kwa mmea wa jamii ya mgomba; kisha nyingi zaidi zikatoka Yucatan katika Meksiko, kwa mmea ulio ndugu wa mkonge. Zilipakiwa hapo zamani katika bandari iitwayo Sisal, na ndilo jina ambalo Wazungu waliupa mkonge mpaka leo. Faida ilikuwa kubwa, na wenye makampuni ya Ulaya walianza kutazama ni nchi gani nyingine ya jua kali ingeweza kuotesha mmea huo.

Mwaka 1893 Dokta Richard Hindorf, bwana shamba wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, na njiani mingi ikaharibika. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mkonge wote uliojaza nchi baadaye ulianza katika miche hiyo 62, ambayo mzee mmoja angeweza kuihesabu asubuhi kabla ya kunywa uji. Mwaka 1913, miaka 20 tu baadaye, nchi hii ilipeleka ng'ambo zaidi ya tani 20,000 za katani.

Wanafunzi na wafanye hesabu hii. Tani moja ya Kiingereza ni ratli 2,240, na kila ratli ni futi 500 za uzi. Tukiweka kuwa mganda mmoja hutwaa futi tatu, tani moja hufunga miganda zaidi ya 370,000. Tena katika majani ya mkonge, nyuzi ni kama sehemu nne katika mia. Nyingine zote ni maji na makapi. Kwa hiyo ili kupata tani moja ya katani ilipasa kukata na kuchukua kama tani 25 za majani, kuyapitisha katika mashine iitwayo korona, yenye ngoma zipondazo na kukwangua, kuosha nyuzi kwa maji mengi, kuzianika juani, kuzipiga brashi, na kuzishindilia marobota.

Nani aliyekata majani hayo? Mtu mwenye kisu. Jambo hili nimelifikiri mara nyingi, na sioni kwamba limesemwa vya kutosha. Fundo la Appleby liliondoa mikono shambani mwa Wamarekani: watu watano au sita waliokuwa wakiinama nyuma ya farasi hawakuhitajika tena. Lakini kazi yao haikupotea duniani. Ilivuka bahari. Kwa ajili ya uzi wa fundo lile walitakiwa watu wa kuinama penye miiba ya mkonge katika Tanga, Pangani, Korogwe na Muheza, na watu wa pwani hawakutosha, wala wengi wao hawakutaka, kwa kuwa walikuwa na minazi yao na ngarawa zao. Basi waliletwa watu kutoka mbali, Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wamakonde, hata watu wa Ruanda na Urundi, wakaitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Walifanya kazi kwa kipande, karatasi yenye siku 30, na siku isiyotimizwa kazi yake haikutiwa alama. Wengi walirudi kwao. Wengi hawakurudi, na wajukuu wao leo ni watu wa Tanga.

Tangu hapo bei ya katani iliyotangazwa ng'ambo ilifika katika maduka yetu kabla habari yake haijafika magazetini. Mwaka 1942, Wajapani walipoviteka visiwa vya Filipino, nyuzi za Manila zilikatika, na mkonge wa Tanganyika ukawa kitu cha lazima kwa vita. Serikali ya wakati ule ikawalazimisha watu kwenda kufanya kazi katika mashamba. Wakati wa vita ya Korea, mnamo 1951, bei ilipanda juu sana. Mwaka 1964 mavuno yalifika kilele, zaidi ya tani 230,000, na nchi hii ilikuwa ya kwanza duniani.

Lakini mashine iliyoanzisha haja hii ilikuwa imekwisha kuzeeka. Trekta lilimwondoa farasi, na kombaini, mashine ikatayo na kupura kwa pamoja, haikuhitaji mganda, wala uzi, wala fundo. Hapo mkonge ungalianguka mapema, kama mdomo wa Appleby usingalipata kazi nyingine. Katika miaka ya 1940 zilienea mashine za kufunga marobota ya majani makavu, nazo zilifunga kwa mdomo ule ule na sindano ile ile, ila kwa uzi mnene zaidi. Ndiyo iliyoshika bei kwa miaka ishirini na zaidi. Kisha ikaja kamba ya plastiki, nyepesi, rahisi, isiyooza. Mwaka 1967 serikali ya Tanzania ilitwaa mashamba mengi ya mkonge, na hapo bei zilikuwa zimekwisha kuanza kushuka. Wako wanaosema serikali ndiyo iliyouua mkonge, na wako wanaosema plastiki. Mimi naona uendeshaji mbaya uliongeza hasara, lakini hata msimamizi bora asingaliweza kumlazimisha mkulima wa ng'ambo kununua uzi ghali akiwa na ulio rahisi. Katika miaka ya 1990 mavuno yalikuwa yamebaki karibu sehemu moja ya kumi ya yale ya 1964.

Farasi hawajaacha kabisa kazi hiyo. Huko Pennsylvania, Marekani, wako watu wa madhehebu ya Waamishi, wasiotumia matrekta kulimia shambani kwa ajili ya desturi ya dini yao. Wao wameitengeneza mashine ya farasi kwa namna ambayo McCormick hakuifikiri: wameweka injini ndogo juu ya gari, injini huendesha visu, na farasi huvuta tu. Kwa njia hiyo ile kasoro ya kale imekwisha, kisu hakipungui kasi farasi wapunguzapo mwendo. Wengine kati yao bado hufunga ngano miganda kwa mashine ya mdomo wa ndege, na kuna uzi wa mkonge unaouzwa kwa kazi hiyo mpaka leo.

Na jani la mkonge je, halijapata mashine ya kulikata? La, bado ni kisu. Sababu yake ni kwamba majani ya mkonge hayaivi pamoja kama ngano. Ya chini hutangulia, na ya juu yapasa kuachwa, maana mkonge uliokatwa kupita kiasi hudhoofika. Mashine haijui kuchagua, mkataji ajua. Huinama, hukata majani ya chini kwa kuzunguka mmea, huondoa mwiba wa ncha, huhesabu majani 30, na kuyafunga fungu moja kwa mkono wake.